SALA YA WAAMINI NI YETU SOTE

Mazungumzo ya wanajumuiya kwa jumuiya jirani, baada ya ibada ya Jumapili kigangoni



   Sisi tumetoka jumuiya ya ng'ambo ya mto. Hatukuja kama walimu. Ni wakulima kama ninyi, na wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima. Tumekuja kuwaeleza jambo moja ambalo sisi tulijifunza kwa aibu. Tunataka ninyi mlijifunze bila aibu.

Jambo lenyewe ni Sala ya Waamini. Wengine huiita Maombi.

MAHALI PAKE KATIKA MISA

Sote tunaijua. Injili imesomwa. Padre amehubiri. Kama ni Jumapili tumekiri imani yetu kwa Nasadiki. Basi tungali tumesimama. Padre anatualika tuombe. Mtu mmoja anataja nia za maombi, moja baada ya nyingine. Baada ya kila nia sisi wote tunajibu kwa sauti moja, tukimwomba Bwana atusikie. Mwishoni padre anafunga kwa sala, nasi tunasema Amina. Kisha tunakaa, na vipaji vinapelekwa altareni.

Hata pale ambapo padre hafiki kila Jumapili, na katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, sala hii ipo.

Ni sala fupi. Pengine dakika tatu, pengine nne. Kwa sababu ni fupi, wengi wetu tuliifanya kuwa wakati wa kupumua. Akina baba walitafuta sarafu ya sadaka mfukoni. Akina mama walifungua pindo la khanga. Watoto walianza kuchezacheza. Mdomo ulijibu, moyo ulikuwa kwingine. Mnatuelewa.

KILICHOTUPATA

Katika jumuiya yetu tulikuwa na karatasi ya maombi. Mwenzetu mmoja mwenye mwandiko mzuri aliinakili kutoka kitabuni. Ilikuwa na maombi sita, yote mazuri. Ombi la nne lilikuwa la kuwaombea wagonjwa wote duniani. Tulisoma karatasi ile ile kila tulipokutana, mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Tukaibandika kwa uji wa muhogo, tukaendelea kusoma.

Mwisho wa njia yetu, karibu na bonde la mpunga, aliishi mzee mmoja peke yake. Watoto wake walikuwa mjini. Mzee huyo akaacha kuja kanisani. Tukasema, "Mzee amechoka, njia ni ndefu." Juma la kwanza tukasoma karatasi yetu. Juma la pili tukaisoma. La tatu na la nne pia. Kila mara tuliwaombea wagonjwa wote duniani, na kila mara tulijibu kwa sauti kubwa.

Juma la tano tulikutana nyumbani kwa bibi mmoja. Bibi huyo hajui kusoma. Tulipofika ombi la nne, sisi tulijibu, yeye akanyamaza. Tukadhani hakusikia. Akainua kichwa akauliza:

"Wanangu, hao wagonjwa mnaowaombea ni akina nani?"

Tukamjibu, "Bibi, ni wagonjwa wote."

Akasema, "Na hao wote wanakaa wapi? Mimi namjua mmoja. Anakaa pale bondeni. Nani amekwenda kumwona?"

Hakuna aliyejibu. Tuliangalia chini. Mwenye karatasi aliikunja akaitia mfukoni.

Jioni ile ile tulikwenda. Tulimkuta mzee amelala kwenye mkeka. Ana homa, na mguu wake mmoja umevimba hata hawezi kusimama. Mtungi wake ulikuwa mkavu. Tulimwuliza amekula nini siku zote hizo. Akasema kuna mtoto wa jirani anayemletea viazi na kikombe cha maji. Mtoto huyo ana miaka tisa, na nyumba ya kwao ni ya Waislamu. Mama yake ndiye aliyekuwa akimtuma. Mama yule hakuwahi kusikia karatasi yetu, lakini mgonjwa alimwona.

Alfajiri tulimbeba mzee kwa machela mpaka zahanati. Toka hapo akapelekwa hospitali ya wilaya. Alirudi baada ya wiki tano. Hakupona kabisa, lakini kila siku alikuwa na mtu wa kumchotea maji. Aliishi miezi saba zaidi. Alipofariki tulikuwa tumeketi karibu naye, tukisali rozari. Hilo tunamshukuru Mungu. Lakini yale majuma manne ya mwanzo hatuwezi kuyarudisha.

Je, maneno ya karatasi yetu yalikuwa mabaya? Hapana. Ni wajibu wetu kuwaombea wagonjwa wa dunia nzima. Kosa lilikuwa letu sisi. Tulisema "wote", tukamsahau mmoja.

SALA HII IMETOKA WAPI?

Baada ya aibu hiyo tulimwomba katekista atufundishe. Alitueleza mambo ambayo hatukuyajua.

Kwanza, sala hii si mpya. Ni ya zamani sana. Katika karne ya pili, mjini Roma, aliishi mwalimu mmoja Mkristo jina lake Yustino. Alizaliwa nchi ya Palestina. Baadaye aliuawa kwa ajili ya imani, ndiyo maana tunamwita Mtakatifu Yustino Shahidi. Kiasi cha mwaka 155 aliandika barua ndefu kwa Kaisari wa Roma kuwatetea Wakristo. Ndani yake alieleza Wakristo hufanya nini siku ya Jumapili. Alieleza kwamba hukusanyika mahali pamoja. Husoma maandiko ya mitume na manabii. Kiongozi huwaonya watu wafuate mambo hayo mema. Halafu wote husimama pamoja na kuomba. Ndipo mkate na divai huletwa.

Mnaona? Mpango ni ule ule wa Jumapili yetu ya leo.

Na Yustino hakuishia hapo. Alieleza pia kuwa wenye uwezo hutoa wanachopenda kutoa. Vitu hivyo huwekwa kwa kiongozi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tuliposikia hayo tulitazamana. Wakristo wale wa kwanza hawakuwaombea wajane tu wakaenda zao nyumbani. Kuomba na kusaidia vilikuwa siku moja, mahali pamoja.

Pili, tuliambiwa kwa nini inaitwa sala ya "waamini". Zamani wale waliokuwa bado wanajifunza dini, yaani wakatekumeni, waliruhusiwa kusikiliza masomo na mahubiri. Kisha waliagwa. Waliobaki kuomba sala hii ni wale waliobatizwa. Kwa hiyo haki ya kuwaombea watu wote mbele ya Mungu tuliipata siku ya ubatizo. Hatukuipata kwa elimu, wala kwa mali, wala kwa cheo cha mtu.

Tatu, sala hii ilipotea kwa muda mrefu. Miaka ilivyopita, katika Misa ya Kiroma ilififia mpaka ikatoweka karibu siku zote. Ilibaki hasa siku ya Ijumaa Kuu, katika yale maombi marefu ambayo leo ni kumi. Wazee wenye umri mkubwa wanakumbuka pia Misa ya Kilatini. Padre alisali kwa Kilatini, na watu wengi walisali rozari kimya kimya.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofanyika toka 1962 hadi 1965, ulirudisha sala hii. Hati juu ya Liturujia ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963. Iliagiza kwamba sala ya pamoja irudishwe baada ya Injili na mahubiri, hasa siku za Jumapili na sikukuu, na watu washiriki. Papa Paulo wa Sita aliidhinisha Misale mpya mwaka 1969, nayo sala hii imo. Na tangu hapo Misa ikazidi kusaliwa kwa lugha za watu. Kwetu ni Kiswahili.

Jumuiya zetu nazo zina historia. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi za Afrika ya Mashariki, walikutana Nairobi. Walikazia ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi, majirani wanapojuana. Sasa fikirini, ndugu zetu. Sisi tuliokuwa katika jumuiya ya majirani ndio tuliomsahau jirani.

KWA NINI TUOMBE PAMOJA?

Mtu anaweza kuuliza, "Je, siwezi kusali nyumbani kwangu?" Unaweza, na inakupasa. Sala ya nyumbani ni kama moto wa jikoni kwako. Usipouwasha, familia italala njaa. Lakini katika Misa hatuji kama mtu mmoja mmoja, kila mtu na maneno yake. Tunakuja kama mwili mmoja.

Tazameni sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe. Inaanza kwa kumwita Mungu Baba Yetu. Hatusemi Baba yangu. Hata ukiwa peke yako shambani, ukisali sala hiyo umewachukua wenzako wote. Na Bwana aliahidi kwamba wawili au watatu wakikusanyika kwa jina lake, yeye yupo kati yao.

Ndiyo maana jibu letu katika Sala ya Waamini ni kitu kikubwa. Anayetaja nia anatuonyesha la kuomba, nasi tunaomba kwa jibu letu. Yeye akitaja nia na sisi tukinyamaza, au tukijibu bila moyo, sala hiyo haijawa yetu. Mama asiyejua kusoma, akijibu kwa moyo wake, amesali sawasawa na yule aliyesimama mimbarini.

MAMBO TULIYOYAREKEBISHA

Sasa tunawaeleza tunavyofanya siku hizi. Chukueni yanayowafaa.

1. Tunafuata mpango wa Kanisa. Kwa kawaida nia zina mafungu manne. La kwanza ni mahitaji ya Kanisa. La pili ni viongozi wa nchi na wokovu wa dunia nzima. La tatu ni watu wenye taabu yo yote. La nne ni jumuiya yetu wenyewe. Mpango huu unatusaidia tusianze na sisi na kumaliza na sisi. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba watu wote waombewe, na wafalme na wenye mamlaka pia. Basi tunamwombea mwenyekiti wa kijiji hata kama hatukumpigia kura.

2. Tunatafuta mahitaji kabla ya kuandika. Tunapokutana kila juma tunaulizana: Nani mgonjwa? Nani amefiwa? Nani amejifungua? Nani hana chakula? Nani amefukuzwa nyumbani? Bibi yetu asiyejua kusoma ndiye anayejua habari nyingi kuliko sote. Yeye anasema, sisi tunaandika. Hivyo kusoma kwetu kumepata kazi, na kutosoma kwake hakumwachi nje.

3. Tunaandika kwa ufupi. Mahubiri yamekwisha, hatuna haja ya kuhubiri mara ya pili. Sentensi moja au mbili zinatosha. Kwa mfano:

"Tuwaombee majirani zetu waliopoteza mazao kwa ukame, Wakristo na wasio Wakristo, wapate chakula mpaka mavuno."

"Tumwombee mwenzetu aliyejifungua juma hili, na mtoto wake, wawe na afya."

Ombi la mvua nalo ni la wote. Mvua hainyeshi shamba la Mkatoliki ikaruka la jirani.

4. Tunatunza siri ya mtu. Si kila ugonjwa hutajwa mbele ya watu. Si kila shida ya ndoa hutangazwa kanisani. Kwanza tunamwuliza mwenyewe: "Je, tukutaje?" Akikataa, tunaomba bila kutaja jina. Mungu anamjua.

5. Sala si mkuki. Hili nalo lilitupata. Wenzetu wawili waligombana juu ya mpaka wa shamba. Siku ya jumuiya mmoja akasali kwa sauti, "Ee Mungu, waongoe wale wanaosogeza mipaka usiku." Kila mtu alijua anasemwa nani. Tukajibu, maana tumezoea kujibu. Yule mwingine akasimama, akamshika mtoto wake mkono, akatoka. Hakurudi kwa muda wa mwaka mzima. Jibu letu lilimfukuza. Bwana alisema ukileta sadaka yako na kukumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache kwanza ukapatane naye. Siku hizi mwenye ugomvi hupelekwa kwa wazee akasuluhishwe. Mafumbo hatuyapokei katika sala, na tukiyasikia hatujibu.

6. Hatumcheki msomaji. Tunao akina mama na akina baba wanaosoma polepole. Mara ya kwanza mimbarini mikono hutetemeka. Zamani vijana walicheka mtu akikwama. Sasa anayesoma anafanya mazoezi mara tatu au nne nyumbani. Akikwama kanisani, tunasubiri kimya. Kimya hicho nacho kinaweza kuwa sala.

7. Kila ombi tunalipa miguu. Hili ndilo alilotufundisha bibi yetu. Mkutano haufungwi kabla ya kuuliza: "Juu ya jambo hili tuliloomba, nani atakwenda?" Wawili wanakwenda kwa mgonjwa. Mmoja anapeleka debe la mahindi. Mwingine anakwenda kumwona mwalimu juu ya yatima aliyeacha shule. Mkutano unaofuata wanaeleza walichokikuta. Mtume Yakobo aliuliza inafaa nini kumwambia mtu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa kitu. Swali hilo lilitulenga sisi.

MNAWEZA KUTUULIZA

Kijana mmoja katika jumuiya yetu alituuliza swali gumu. Alisema, "Kama kazi tunaifanya wenyewe, kuna haja gani ya kumwomba Mungu? Twendeni tu tukasaidie."

Hatukumkemea. Swali lake lilikuwa la haki. Tukamjibu tulivyoweza. Tulimwambia kuwa sisi tunaweza kumbeba mzee kwa machela, lakini hatuwezi kumpa uhai. Tunaweza kupanda mahindi, lakini mvua si yetu. Wapo pia watu ambao hatuwezi kuwafikia kwa miguu: wakimbizi wa vita, wafungwa wa mbali, watoto wetu waliopotelea mijini. Hao wote tunawapeleka kwa Mungu kwa sababu mikono yetu ni mifupi.

Tena tulimkumbusha jambo jingine. Siku ile ya bibi, tulikuwa katika sala. Isingekuwa sala, swali lake lisingeulizwa, na mzee angekufa peke yake. Sala haikutuzuia tusiende. Sala ndiyo iliyotutuma.

Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini mzee alikufa." Ndiyo, alikufa. Tuliomba apone, naye hakupona. Hatuna maneno ya kulieleza hilo, wala hatutaki kuwadanganya. Tunachojua ni kwamba jina lake lilikuwa limetajwa kanisani mara nyingi, na siku ya maziko hakuna aliyeuliza, "Huyu ni nani?" Kijana yule alichimba kaburi pamoja nasi. Sasa ndiye anayeandika maombi.

Na yule mama Mwislamu? Tulikwenda kumshukuru na kumwomba radhi. Alicheka, akatukaribisha uji. Alisema, "Mgonjwa ni mgonjwa tu." Mtoto wake akipata homa, sisi tunakwenda kumjulia hali.

KWA KUMALIZIA

Ndugu zetu, hatukusema mwache vitabu vya maombi. Vitabu ni vizuri, na vinatuunganisha na Wakatoliki wa dunia nzima. Tunasema hivi: mkisoma ombi la kitabu, liongezeeni jina la njia yenu, kisima chenu, na mtu wenu. Na kabla hamjajibu, tazameni kulia na kushoto. Nani hayupo leo? Kwa nini hayupo?

Karatasi yetu ya zamani bado tunayo. Tumeitunza ndani ya kitabu cha mahudhurio. Kila tukiiona tunakumbuka mtungi mkavu.

Mungu awabariki. Amina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Jumapili iliyopita tuliomba nini katika Sala ya Waamini? Nani anakumbuka?
2. Katika njia yetu, nani hajaonekana kwa wiki mbili au zaidi? Nani atakwenda kumwona?
3. Wasiojua kusoma wanashiriki vipi kutafuta nia za maombi?
4. Je, imewahi kutokea kwetu mtu kusemwa kwa mafumbo katika sala? Tulifanya nini?
5. Andikeni maombi manne mafupi ya Jumapili ijayo. Kila ombi lisizidi sentensi mbili.